Kompyuta Haikukosea

Mshauri wangu mpendwa, msaada nauomba, ila tuelewane mapema kwamba huruma siitaki, maana wa kunihurumia ninao wa kutosha na wote wananiambia jambo lile lile, nisaini barua mambo yaishe, na mimi kusaini sitaki, na sijui tena kama huku kutotaka ni haki yangu au ni ubishi tu niliozaliwa nao.

Nina miaka thelathini na minane, nina mume na watoto wawili, na kazi yangu ni kupanga kurasa na picha katika duka la uchapaji la baba mdogo, aliyenilea tangu baba yangu alipofariki nikiwa darasa la tatu. Duka ni vyumba viwili, cha mbele kaunta na mashine ya kukatia karatasi, cha nyuma kompyuta yangu na feni inayozunguka ikijisikia. Mwaka juzi nilichoka kusafisha picha moja moja kwa mkono, nikajifunza Python, ile lugha ya kuandikia programu, kwa video za bure saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakinicheka kwamba mama mzima narudi shule. Nikakuta ina maktaba moja, yaani fungu la kazi ambazo watu wengine wamekwisha kuziandika na wewe unaziita tu, inayokuwezesha kuiagiza akili bandia itengeneze picha kutoka kwenye maneno matupu au ibadilishe picha uliyonayo: unaipa picha, unapaka weupe pale unapotaka pabadilike, unaandika unachokitaka, na mistari kumi na minne ya programu yangu inamaliza kazi kabla chai haijapoa. Mwanzoni ilinipa bibi harusi mwenye vidole sita, lakini nilivyozidi kuielewa ndivyo ilivyozidi kunitii, na sikufichi, mshauri, nilijiona mtu.

Basi akaja mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni, mteja wetu mkubwa, tunamchapia mitihani na majalada ya madaftari, akaleta picha ya bweni la wasichana kwa ajili ya kipeperushi. Vitanda vinane vya chuma, vinne havina magodoro, dirisha moja limezibwa kwa boksi, na ukutani doa la maji linaloteremka kutoka darini. Akasema, "Ichangamshe kidogo." Nikapaka weupe juu ya vitanda, dirisha na doa, nikaandika: magodoro mapya, mashuka ya bluu, dirisha la vioo, ukuta mweupe, mwanga wa asubuhi. Jaribio la kwanza lilileta kitanda chenye miguu mitano, la tatu likatoka safi mpaka baba mdogo akawaita watu wa kaunta waje waone, na wote tukacheka kwa furaha.

Miezi mitatu baadaye nikamtembelea mdogo wangu, mshonaji, tumezaliwa baba mmoja mama mmoja, nikakikuta kile kipeperushi juu ya meza ya cherehani yake. "Dada, tazama bweni hili," akaniambia, "mtoto atalala kama binadamu, si hapa anapobanana na vitambaa vyangu." Mshauri, nilikunywa chai yangu. Nikasema, "Ni shule nzuri." Maneno matatu, na mpaka leo yananiamsha.

Binti yake akaenda, ana miaka kumi na mmoja, akalala na mwenzake kitanda kimoja chini ya lile doa, mvua zikaja, akashikwa na nimonia, akalazwa siku sita. Mdogo wangu akakaa kando ya kitanda cha hospitali akijilaumu kwamba ni mama gani asiyekagua mahali anapompeleka mtoto wake, na mimi nimemshika bega, kimya. Wiki ileile mwalimu mkuu akarudi dukani na picha ya chumba kitupu. Safari hii alitaka maabara, meza ndefu, mabomba ya maji, darubini, na watoto waliovaa makoti meupe. "Hiyo mashine yako inaweza watoto pia?" akaniuliza. Nikamwambia, "Inaweza. Mimi ndiye siwezi."

Baba mdogo alinifokea siku mbili, lakini sikubadilika. Mtoto akapona, na Jumamosi iliyofuata nikamsindikiza mdogo wangu kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu akawasha projekta, na ukutani likatokea bweni langu, mashuka ya bluu yamenyooka. Nikasimama. Nikasema, "Picha hiyo nimeitengeneza mimi kwa kompyuta. Ya kweli ninayo kwenye simu." Simu ikapita safu kwa safu. Nilitegemea makelele, hayakuwapo. Mzazi mmoja, fundi bomba, alivaa kofia yake akasema, "Twendeni tukaone," na ukumbi ukainuka, ukavuka uwanja, mwalimu mkuu nyuma akidai funguo hazionekani. Zilionekana.

Mdogo wangu hakuinuka. Aliniuliza swali moja, "Siku ile pale mezani, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akachukua mkoba wake, na hii ni wiki ya tano hatuongei.

Magodoro yameletwa, mshauri, ya kweli, na dari imezibwa. Lakini mwalimu mkuu ameandika barua anayotaka niisaini, inasema ilikuwa hitilafu ya kompyuta, kwamba akili bandia iliongeza magodoro yenyewe bila kuagizwa, na kwamba naiomba shule radhi kwa taharuki niliyoizusha, na nisiposaini anahamishia kazi zake zote kwa mchapaji mwingine. Baba mdogo amenikataza kukanyaga dukani mpaka nisaini. "Mwanangu," ananiambia, "mashine haina mama wa kuaibika, itwishe lawama hiyo." Mume wangu anasema ni karatasi tu hiyo. Sokoni wameshanipa jina, Mama Magodoro, wengine kwa kunisifu, wengine kwa kunicheka, siwezi kuwatofautisha. Lakini kompyuta haikukosea. Ilifanya nilichoiagiza, neno kwa neno, na maneno yenyewe ninayo, na tarehe na saa. Nisaini au nisisaini? Usinizungushe.

Mimi,
Mama Magodoro

MSHAURI ANAJIBU

Mama Magodoro,

Usisaini. Umetaka usizungushwe, jibu lako ndilo hilo. Sasa vuta kiti usikilize na yale ambayo hukuyauliza.

Barua ile si karatasi tu. Mumeo mwambie kama ni karatasi tu, asaini yeye. Ukiweka jina lako pale, wazazi waliovuka uwanja wakaona kwa macho yao watageuzwa wazushi, na yule mtoto aliyelazwa siku sita itaonekana aliugua kwa bahati mbaya. Kesho mwingine ataleta picha ya zahanati isiyo na dawa, atataka makabati yajae, na akibanwa atasema mashine imejiamulia. Umekataa kuwa wa kwanza kufungua njia hiyo. Kataa hivyohivyo.

Lakini wee mama, nimeisoma barua yako mara mbili, na nimeona jinsi unavyopenda pale ukumbini: umesimama, simu inapita, watu wameinuka. Heko, ulistahili kusimama. Ila ulikaa na mdogo wako siku sita hospitalini, bega kwa bega, na mdomo ulikuwa nao. Ulimsikia akijiita mama mbaya ukaacha aendelee. Halafu ukweli ukamfikia pamoja na ukumbi mzima, kama mgeni yeyote aliyekuja kusikiliza mkutano. Hilo usimbandike mwalimu mkuu. Ni lako peke yako, na ndilo linalokuamsha, si barua.

Andika barua yako mwenyewe, fupi. Nani alikuomba nini, wewe ulifanya nini, na unamwomba nani radhi. Radhi wanaombwa wazazi, shule haidai kitu. Ambatanisha picha zote mbili, ya bweni lenyewe na ile uliyoitengeneza, na yale maneno uliyoiandikia kompyuta, pamoja na tarehe yake. Nakala moja mpe mwenyekiti wa wazazi. Nyingine mpelekee baba mdogo mkononi, kwa heshima zote, maana amekulea, na umwambie kwa sauti ya chini kwamba aliyekulea unaweza kumfulia, kumpikia na kumuuguza, ila kumdanganyia watu hapana. Akikurudisha kazini, rudi kwa sharti: kila picha iliyotiwa kitu kisichokuwapo iandikwe hivyo chini yake, kwa herufi ambazo bibi asiye na miwani anazisoma. Asipokurudisha, ujuzi hukuuacha kwenye kiti chake. Kuna watu wengi wenye picha za wazazi wao zilizoliwa na unyevu, wanatafuta mtu wa kuzikarabati na kuwaambia ukweli ni wapi amekarabati. Jitangaze.

Na kazi ya maabara waachie wenye shule. Wakitaka picha yake, wajenge.

Yote hayo yafanye Jumatatu. Leo, ukimaliza kusoma gazeti hili, nenda kwa mdogo wako. Usiende na barua, usitoe simu, usimsimulie fundi bomba alivyosema. Mwambie, "Nilijua, nikanyamaza, nikakuacha ujilaumu." Kisha nyamaza umwache aseme yeye, hata achukue saa nzima, hata aseme usiyotaka kuyasikia, na usijitetee kwa neno hata moja. Akikufungia mlango, rudi kesho. Akikufungia na kesho, rudi keshokutwa.