Mlango wa Chumba Chako

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, ambao mimi nawajua kwa picha tu. Huku mimi ni mzima wa mwili. Mengine yanafuata.

Baba hajambo kidogo. Daktari alisema moyo wake umechoka, asifanye kazi nzito. Mzee hakai bure, unamjua. Tangu alipostaafu kule karakana ya reli anajenga njia ya treni za kuchezea, na usicheke, maana mimi nilicheka na sasa nyumba haina milango.

Unaikumbuka milango yetu ya ndani: mbao nyembamba pande mbili, katikati makaratasi na hewa. Mzee akasema hiyo ndiyo meza anayoitaka, imenyooka, tena nyepesi, anaweza kuibeba hata na moyo wake huo. Akaanza na wa jikoni. Aliulaza juu ya viti, akabandika reli, akaunda kilima kwa magazeti na gundi. Ukafuata wa stoo, kisha wangu. Wa bafuni nilimbishia nikashindwa; siku hizi anayeoga anaimba, ili mwingine asiingie.

Nami nikajitia fundi. Nilikaza miguu ya meza kwa skrubu katikati ya mlango, palepale penye utupu. Treni ilipopita mara ya kwanza mguu ukachomoka, stesheni ikaanguka, kichwa cha treni kikavunjika gurudumu. Nikajiandaa kutukanwa. Baba akaniambia tu, kwa upole, kwamba mlango wa namna hii unashika skrubu pembeni, kwenye mbao za kweli. Katikati ni gundi na subira. Dada, upole ule uliniogopesha. Siye baba tuliyemzoea.

Sasa reli imezunguka sebule nzima, imebaki kipande kimoja ikutane. Treni inafika ukingoni, baba anaigeuza kwa mkono. Mlango uliobaki ni wa chumba chako, ule ulioubamiza siku baba alipomfukuza shemeji mbele ya wageni. Ufa bado upo kwenye fremu. Kila nilipomwambia tuuchukue alikuwa mkali, akiniuliza ukirudi utafunga nini. Kila Jumamosi anazipaka bawaba zake mafuta, mwenyewe, hataki msaada.

Jana aliniita, akaniambia niung'oe. Alisema hutarudi tena, na yeye angependa kuiona treni ikizunguka walau mara moja. Kisha akageukia ukutani. Nilikwenda kulia jikoni, na huko nako hakuna cha kufunga.

Basi nakiri kwako: nimemdanganya. Nimemwambia skrubu za bawaba zimeshika kutu, hazitoki. Bawaba anazozipaka mafuta kila Jumamosi! Alinitazama weee, halafu akasema sawa, tungoje. Anajua kuwa ni uongo, dada, na ameukubali.

Sikuombi umsamehe. Njoo tu uufunge mlango wako mwenyewe, hata kwa hasira, hata kwa kuubamiza. Atausikia.

Msalimie sana shemeji, na watoto waambie babu yao ana treni. Bisibisi nimeificha chini ya godoro langu, lakini mzee ni fundi, hatakosa nyingine.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba