Mkono wa Mama na Fomu Arobaini na Mbili

Kaka yangu,

Nimepoteza mwaka mzima wa masomo. Nimeupoteza Jumatano iliyopita, saa nne na dakika ishirini asubuhi, katika chumba cha mikutano cha idara yetu, mbele ya watu watatu na jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua: barua ndefu huisomi, unatafuta tu mahali pa kutia saini.

Salamu sasa. Natumaini u mzima na ile presha yako imetulia. Wifi naye natumaini hajambo, na watoto wanaendelea vizuri na shule. Mimi afya yangu haina neno. Hali ya mama sikuulizi, maana nilimwona jana wewe ukiwa kazini, na habari zake ninazo kwa namba.

Huenda umesahau ninasomea nini, ingawa wewe ndiye uliyeipa jina la "shahada ya vifungo". Uliwaambia wageni wako kwamba mdogo wako amefunga kibanda chake cha kutengeneza zipu, akaenda chuo kikuu miaka minne kufundishwa namna mtu mzima anavyovaa shati. Wageni wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa chai niliyokuwa nikinywa ilikuwa yako. Leo nakueleza bila kicheko. Inaitwa tiba kazi. Daktari humzuia mtu asife. Sisi tunabaki na swali linalofuata, kwamba kesho yake huyo mtu ataogaje, atashikaje kijiko, atafunguaje mlango. Shati la vifungo sita lina hatua kumi na saba ukizihesabu vizuri. Mtu aliyepigwa na kiharusi anaweza kukwama kwenye hatua ya nne miaka kumi, kwa sababu tu waliomzunguka hawakuhesabu. Mimi nilihesabu. Niliingia chuo nina miaka thelathini na sita, wenzangu darasani wakiniita shangazi, na katika mitihani ya miaka mitatu hakuna aliyewahi kunipita kwa zaidi ya alama nne.

Mwaka wa nne kila mwanafunzi hupewa kazi ya kumfuatilia mgonjwa mmoja nyumbani kwake kwa wiki sita. Nilikuomba nimfuatilie mama, ambaye alikuwa na mwaka na miezi miwili tangu kiharusi kilaze mkono wake wa kulia, na anaishi kwako. Ulikubali haraka mno, nami ningepaswa kuogopa hapo hapo. Nilikuletea fomu arobaini na mbili, moja kwa kila siku, na kila fomu ina mambo saba: amekunywa mwenyewe, amechana nywele, amefunga vifungo vinne, na kuendelea. Yeyote aliye nyumbani amwache mama ayafanye, hata akitumia nusu saa, hata akimwaga, kisha atie vema na saini. Mimi ningekuja kila Jumamosi na kipimapembe kupima kidole gumba cha mkono ule kinafunguka nyuzi ngapi. Vema mia mbili tisini na nne, na Jumamosi sita. Hiyo ndiyo kazi yote. Mtoto wa darasa la tano angeiweza.

Lakini wewe si mtoto wa darasa la tano, wewe ni ofisa wa masjala. Miaka ishirini na mbili unakaa nyuma ya meza ile yenye kioo, mafaili yanarundikana kuanzia Jumatatu, na Ijumaa baada ya chakula cha mchana unayasaini yote kwa mkupuo huku ukiongea na simu. Umeniambia mwenyewe, tena kwa fahari, kwamba ukianza kusoma kila karatasi serikali itasimama. Basi na mama ukamfanya faili. Siku moja ukakaa na kalamu moja, ukatia vema zote kuanzia juu mpaka chini, na tarehe ukaziandika mfululizo. Tulianza tarehe kumi ya mwezi wenye siku thelathini. Wewe ukaandika tarehe thelathini na moja, kaka. Siku ambayo haikuwahi kuwapo duniani, mama alikunywa mwenyewe, akachana nywele, akafunga vifungo vinne, na ofisa wa masjala akathibitisha. Na hizo nywele alizichana siku zote arobaini na mbili, wakati wifi alikuwa amemnyoa upara kabla hata ya wiki ya pili.

Wifi simlaumu sana, na nisipomlaumu mimi ujue ana unafuu. Yeye angalau ni mkweli. Nilipomkuta anamlisha mama uji kijiko kwa kijiko, alinijibu kwamba yeye hawezi kukaa anamtazama mama mkwe wake akijimwagia kifuani, majirani wakipita wataona anateswa. Mama alipoomba kisu amenye chungwa lake mwenyewe, wifi alimwambia akijikata watu watasema nini. Na wewe ulipita pale ukiwa na taulo shingoni ukaniambia kwamba mama ametufanyia kazi maisha yake yote, sasa apumzike, heshima ya mzazi ni kutomwacha anyanyue hata kikombe. Maneno matamu hayo. Yaandike uyatundike ukutani. Mwanamke aliyeshona magodoro miaka thelathini kwa sindano ndefu kama penseli, akatusomesha sote wawili kwa mkono huo huo wa kulia, wewe unamheshimu kwa kuuweka mkono wake kwenye mto kama chombo cha maonyesho.

Mama mwenyewe alinitania siku ile kwamba amelishwa mpaka amesahau mdomo wake uko upande gani. Wewe ulicheka. Ulidhani anasifia huduma.

Sasa nije kwenye kikao. Walikuwa mkuu wa idara, mwalimu mmoja wa kuandika kumbukumbu, na msimamizi wangu, yule mama mfupi ambaye kipimapembe chake hakitoki kwenye mfuko wa kifuani. Ni yeye aliyeiona tarehe thelathini na moja. Mkuu wa idara aliniuliza kama nilijua kwamba fomu zimeghushiwa. Akanisaidia na jibu kabisa, maana ni mtu wa huruma: akasema ndugu za wagonjwa huwa hivyo, kama nimedanganywa na kaka yangu basi nitarudia saa mia moja ishirini na sita tu, kwa mgonjwa mwingine, na miezi mitatu baadaye nitamaliza na wenzangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukutupia lawama zote. Usifikiri nilikuonea huruma. Nilikuwa nimekuandalia sentensi tatu nzuri sana.

Ndipo msimamizi wangu akafungua ukurasa wa vipimo vyangu vya Jumamosi. Hivyo ni vyangu, kaka, si vyako, vimeandikwa kwa mwandiko ninaousifu kila siku. Ishirini, ishirini na nne, ishirini na nane, thelathini na moja, thelathini na tano, arobaini. Akasema kwa upole kwamba kidole gumba kikifunguka nyuzi arobaini, mtu anaweza kuzungushia mkono bilauri ya kawaida. Akaniuliza mama ameshika bilauri gani, ya kioo au ya plastiki, na aliishika kwa muda gani kabla ya kuiweka chini.

Bilauri hiyo haikuwahi kushikwa.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo kiini cha barua hii. Jumamosi ya kwanza nilipima, ikawa ishirini kweli. Jumamosi ya pili nilipima, ikawa kumi na saba. Nikapima tena, kumi na saba. Mama alikuwa ananitazama usoni, akaniuliza kama kuna nafuu, nikamwambia ipo. Nikaenda kukaa ukingoni mwa kitanda cha wanao, nikafikiria ripoti yenye mgonjwa anayerudi nyuma, nikafikiria wewe na wageni wako mkisikia kwamba bingwa wa vifungo ameshindwa kwa mama yake mzazi, nikaandika ishirini na nne. Jumamosi nne zilizofuata kipimapembe sikukitoa hata kwenye begi. Nilikuwa nakaa na mama, tunaongea, nakunywa chai ya wifi, kisha nikishuka ngazi naandika namba. Na fomu zako nilipozichukua niliiona tarehe thelathini na moja pale pale mlangoni. Mimi, ninayeona alama moja iliyopunguzwa kwenye mtihani wa alama mia, ningekosaje kuiona? Nilizitia kwenye bahasha nikazipeleka, kwa sababu vema zako za uongo zilifanana vizuri na namba zangu za uongo.

Kwa hiyo wewe hukujua unachokifanya, kama kawaida yako, lakini mimi nilijua. Wewe ulikosea kwa uvivu. Mimi niliona mkono wa mama unafunga, nikaandika kwamba unafunguka. Nimekudharau miaka mingi na bado nakudharau, nisikudanganye, ila tangu Jumatano najua kuna mtu aliye chini yako, na kila asubuhi nampiga mswaki mbele ya kioo.

Nikawaambia yote. Mkuu wa idara alivua miwani, hakuwa na huruma tena. Wamefuta saa zangu zote za mwaka huu, mia saba arobaini na nne, na nimesimamishwa mpaka muhula wa kwanza wa mwaka ujao. Msimamizi wangu alinifuata mpaka kwenye ngazi. Nilitegemea anitukane. Alichofanya ni kunipa kipimapembe chake cha mfukoni na kuniambia kwamba mkono ni kama samaki, unakunjuliwa ungali mbichi. Nikapime leo au kesho, na safari hii nisimletee karatasi.

Ilinichukua siku tano kupata ujasiri. Jana nimepima. Ni kumi na moja. Kucha zimeanza kuacha alama kwenye kiganja, na wifi alidhani ni wadudu. Nikampigia simu msimamizi. Anasema wiki kumi na mbili za kazi ya kila siku, bila kukosa, mkono unaweza kurudi kwenye kushika kikombe na kufunga kifungo kikubwa. Kushona asifikirie. Ukiachwa hivi mpaka mwisho wa mwaka utajifunga kama ngumi, na hakuna atakayeufungua ila kwa kisu cha hospitali.

Mimi sasa nina mwaka mzima wa bure. Nina vyumba viwili, choo cha ndani, kiti chenye mikono, na ngazi tatu tu kutoka mlangoni. Kibanda cha zipu nitakifungua mchana pekee, tena mama akae nami pale, achague vifungo kwa rangi kwa mkono wa kulia, polepole, amwage, aviokote. Hakutakuwa na fomu. Nilimweleza mama jana ukweli wote, na ule wa kumi na saba. Kisha akaniambia kwamba mimi na wewe tumetoka tumbo moja kweli, hakuna haja ya kuuliza. Kuja kwangu anataka. Lakini anasema hatatoka nyumbani kwa mwanawe wa kwanza kama mtu aliyefukuzwa au aliyeibwa. Mpaka wewe useme kwa mdomo wako kwamba aende. Amekulinda aibu tangu utotoni, na wala sijui nguvu hiyo anaitoa wapi.

Nisalimie wifi, mwambie amkate mama kucha za mkono wa kulia leo hii, ziwe fupi kabisa. Wanao wasalimie pia; yule mdogo ana akili ya hesabu, usimfundishe kusaini.

Nawe usiniandikie kwamba utaliangalia, wala kwamba tukae kama familia tulizungumze, wala kwamba wageni watasemaje. Nataka neno moja, mama akiwa amekaa karibu yako asikie. Mama anakuja kwangu Jumamosi asubuhi, ndiyo au hapana? Nipigie kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi zipu