Msiba Usio na Marehemu

Mbeya, Jumapili

Kwako mke wangu, Mama Yohana,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, na kifua chako hakikusumbui tena katika baridi ya Iringa. Mimi ni mzima. Darasani nina sauti kuwashinda walimu vijana. Je, mke wa mwanetu Yohana amepata nguvu? Mtoto ananyonya vema?

Najua umenikasirikia. Siku ile kituoni uliposema, "Kitabu hicho kitakushinda kama lilivyokushinda banda la kuku," niliapa mbele ya abiria kwamba sitakanyaga nyumbani kabla sijasoma michezo yote ya kuigiza ya yule Mwingereza wa kale. Wakati huo sikujua kwamba mjukuu yu njiani. Sasa ana mwezi mzima, anaitwa "mtoto" tu, akinisubiri mimi babu yake nimpe jina. Uliponiandikia hayo, ilikuwa imesalia michezo minne, nami kiapo changu sikivunji.

Unaijua desturi yangu: nikimaliza ukurasa wa Kiingereza, huurudia kwa Kiswahili kwa sauti, nijihakikishie kwamba nimeuelewa. Basi Jumamosi moja alasiri nilifika mahali ambapo mama anamlilia mwanawe. Nikalia kama alivyolia: "Mwanangu! Umeniachia nani?" Kabla sijafunua ukurasa wa pili, jirani yangu Mama Sekela aliingia ameshika kichwa, akipiga yowe. Nyuma yake wanawake saba, na kuni, na ndizi mbichi, na mchele. Wanaume walikuwa wamekwisha koka moto uani.

"Ndaga, Mwalimu, pole sana. Ni nani? Ni Yohana?"

"Hakuna aliyekufa. Nasoma kitabu."

Wakatua mizigo yao chini. Kisha mmoja akauliza, "Na hizi ndizi?"

Chakula cha msiba hakibebwi kurudishwa nyumbani. Watu wa hapa wanaogopa kwamba kifo kitakifuata hadi mlangoni kwao. Kwa hiyo walikaa, wakapika, wakadai waambiwe wanamlilia nani. Nikawasimulia mchezo wote toka mwanzo. Walilia vizuri sana, mke wangu, kuliko mimi.

Nilidhani yamekwisha. Jumatatu nilipotoka shuleni niliwakuta uani wakiningoja niwasimulie mchezo mwingine. Nilitaka kuwafukuza, nikihofia kwamba watanichelewesha, na mtoto atatembea bila jina. Kumbe wao ndio walionikimbiza! Nikipumzika kidogo tu, mume wa Mama Sekela hunigonga goti: "Mwalimu, umemwacha yule binti mlangoni, anyeshewe?" Mama Sekela husema "mtoto yake," nami, usicheke, nimeacha kumsahihisha, maana nikimkatiza wote hunizomea.

Jana tumemaliza mchezo wa mwisho, nao unaishia kwa harusi. Walipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Kisha Mama Sekela akaniuliza, "Kesho anakufa nani?"

"Hafi mtu. Shule imefungwa. Nakwenda Iringa kumpa mjukuu wangu jina."

Akanijazia kikapu cha ndizi, akasisitiza kwamba hizo si za msiba.

Nitapanda basi la Alhamisi. Jina ninalo tayari, wala si la mtu wa kitabuni, usiogope. Nisalimie Yohana na mkewe, na dada yako mwenye cherehani. Msalimie pia jirani yetu mzee wa kanisa, niliyemwazima msumeno. Mwambie aurudishe kabla sijafika. Nina banda la kuku la kumaliza.

Ni mimi mumeo, niliyetimiza kiapo,
Baba Yohana