Mpwa Wangu Alivyonibana Bungeni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia kidogo, na kwamba hujaanza tena kuwagawia majirani dawa ulizoandikiwa wewe. Wifi yako anakusalimu sana. Kikohozi chake kimekwisha. Mimi mwenyewe ni mzima wa afya, ingawa ukiwauliza watu mtaani watakuambia nimezikwa jana mchana, na aliyenizika ni binti yako.

Nakuandikia kwa sababu simu yako imezimwa tangu jana jioni. Najua pia redio huiwashi siku za maswali, tangu mwanao awe Kiongozi wa Upinzani na mimi Waziri Mkuu. Ulishasema huna moyo wa kukaa ukisikiliza mtoto wako na mdogo wako wakiraruana. Lakini wifi yako ameniambia kwamba habari umeletewa na majirani, umekasirika, na umemwita mwanao Chiriku aje nyumbani kuniomba radhi mbele yako. Dada, subiri kwanza. Sikia ilivyokuwa kutoka kwa aliyekuwepo.

Maswali yale hatuletewi mapema. Wasaidizi wangu hukaa wakibahatisha nitaulizwa nini, na safari hii waliniandalia jalada nene kama godoro: barabara, walimu, bei ya mafuta. Nikaingia ukumbini nimetulia, tai imenyooka. Chiriku akasimama, amevaa lile koti lako la kijani, hana karatasi hata moja. Akamwomba Spika ruhusa, akasema kwamba mwaka jana Waziri Mkuu alifungua wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya, akakata utepe, akafungua bomba na kunawa mikono mbele ya kamera. Kisha akauliza kama tangu siku ile kuna mtu mwingine yeyote aliyenawa pale.

Hilo tu. Wenzake wakagonga meza, wangu wakapiga kelele, nami katika kubabaika nikasema kwamba Chiriku ameletewa habari nusunusu. Ndiyo, nilimwita Chiriku, jina la jikoni kwako, mbele ya Bunge zima! Ukumbi ukaangua kicheko, na Spika akaniamuru nifute kauli na nimwite Mheshimiwa. Nikafuta. Yeye hakutabasamu hata kidogo. Alisubiri kelele ziishe, kama ulivyokuwa ukisubiri wewe tulipovunja sahani na kila mtu anajitetea. Kisha akaeleza kwamba tangi lililotoa maji siku ile lilifichwa nyuma ya ukuta, na lilipakiwa kwenye lori kabla hata viti vya wageni havijaondolewa. Leo hii, akasema, mama anayekwenda kujifungua anaambiwa aje na nguo za mtoto na dumu la maji.

Hapo Waziri wa Maji akanipenyezea kikaratasi chini ya meza. Kiliandikwa kwamba maji yapo, ni hitilafu ndogo tu ya pampu. Ningekisoma, ningekaa, na wangenipigia makofi. Nikamtazama mpwa wangu, nikaona anajua kabisa nimeshika kitu gani. Nikakikunja. Nikasema maji hakuna. Nikasema nilidanganywa, nami bila kuuliza nikawadanganya wananchi kwa mikono yangu miwili.

Nilidhani Chiriku ataridhika, pengine hata amwonee huruma mjomba wake. Wapi! Akainuka tena na swali la nyongeza, akauliza maji yatafika lini. Nikasema kabla ya mwaka kwisha. Akataka kujua kama ahadi hiyo ni yangu au ni ya serikali. Nikasema ni ya serikali, na iandikwe hivyo. Ndipo akakaa. Dada, nilijaa fahari hadi nikaogopa wataiona usoni. Nimeshaulizwa maswali na watu wenye vishindo na mikwara, lakini hakuna aliyewahi kunibana kwa adabu namna ile. Hakunitukana, hakunidhihaki, na hakuniachia pa kupenya. Huyo umemlea wewe. Na mimi pia umenilea wewe, ila kwake umefanya kazi nzuri zaidi.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata yeye halijui bado. Jioni wakubwa wa chama walinifuata ofisini. Walitaka leo nisimame niyafute yale maneno, niseme upinzani umenipotosha. Nikikataa, niachie kiti. Nimekataa. Barua ya kujiuzulu ilifika kwa Rais asubuhi, na itatangazwa Ijumaa. Kabla ya kuipeleka nilitia saini amri ya kulaza mabomba hadi hospitalini. Wanaweza kuichelewesha, sikatai. Lakini ahadi ni ya serikali, na atakayekalia kiti changu atamkuta Chiriku amekaa mbele yake. Maskini, namwonea huruma huyo bwana.

Kwa hiyo nakuomba, dada, usimwite kuomba radhi. Akinipigia magoti mimi leo kwa sababu aliuliza, kesho atamuulizaje mwingine? Na wale akina mama wataendelea kubeba madumu. Mwite, lakini mpikie, ashibe, alale hadi jua liwe kali. Akilia atakaposikia nimeondoka, maana namjua, mwambie kwamba swali lake halikunitoa. Nimetolewa na jibu langu, na katika miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kutoa jibu nililolipenda kama lile.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Na hao majirani wanaokuletea umbea, wasalimie pia, ila kwa mbali. Jumamosi nitakuja kukuona mwenyewe. Nafasi sasa ninayo.

Ni mimi mdogo wako,
Waziri Mkuu hadi Ijumaa.