Jina Linalosubiri Nyutroni

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeokota korosho asubuhi, mtoto mgongoni. Bado hana jina, tunamwita Mgeni tu. Kwetu mjomba ndiye anayetaja jina, na mjomba mwenyewe, mdogo wangu Saidi, yuko Ulaya anasoma fizikia. Kasema apime kwanza madini yake, ndipo ataje. Leo kakabidhiwa mashine.

Jumanne, 7 Oktoba
Kanieleza tena kwenye simu. Madini yana chuma. Yakiwa kwenye baridi kali mno, umeme unapita bila kupungua hata kidogo. Kwa nini? Hakuna ajuaye vizuri. Basi anayapiga kwa nyutroni, vitu vidogo visivyoonekana, apate kujua sumaku za ndani zinatikisikaje. Kwenye baridi, mchoro unaotolewa na mashine unatakiwa uote nundu. Akipasha joto, nundu ipotee. Hiyo nundu ndiyo shahada yake. Mashine ni yake mpaka Ijumaa, basi. Wengine wako foleni.
Nimeelewa nusu. Nusu inatosha kuombea dua.

Jumatano, 8 Oktoba
Mbaya. Hakuna nundu. Vipande vya madini alivibandika kwa gundi isiyofaa. Gundi nayo inarusha nyutroni, mchoro wote ukungu mtupu. Katuma sauti, analia: "Dada, mwiteni Tabu. Nimeshindwa."
Nimekasirika. Mwanangu aitwe Tabu kwa ajili ya gundi ya Ulaya? Bibi akisikia tu, imekwisha. Neno la mjomba halirudishwi. Nimeufuta ujumbe. Bibi kauliza mjomba kasemaje, nikamwambia mtandao haukamati. Nimemdanganya bibi yangu. Sijuti.
Nikamwandikia Saidi: sijasikia kitu. Bandua, bandika upya.

Alhamisi, 9 Oktoba
Anabandika upya. Gundi nyingine, kaazimwa na wenzake. Kipande kimoja kimoja, vyote vitazame upande mmoja. Tangu hapo simu haijalia.
Bibi ananichokoza: "Mama Mgeni, huyo mjomba kafa au kaoa?" Nimecheka huku roho inauma.

Ijumaa, 10 Oktoba
IMEOTA! Kapasha joto, imepotea. Kapoza, imerudi! Saidi kapiga kelele kwenye simu mpaka mtoto kashtuka. Mwalimu wake kamkumbatia. Nimepiga vigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi.
Bibi kaninyang'anya simu. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba. Nundu ya ng'ombe gani hiyo? Taja jina!"
Saidi kalitaja: Sikudhani.
Bibi kamnong'oneza mtoto jina lake sikioni. Halafu kacheza, na goti lake lile bovu. Mdogo wangu mimi! Kutoka Newala hii hii!

Jumamosi, 11 Oktoba
Baba wa mtoto kapiga simu kutoka Masasi. Jina kalipenda.
Wageni wameondoka. Mwili umechoka, moyo mweupe. Nimefunga mlango, nimemnyonyesha. Tulipobaki wawili tu nikamwita polepole, mara moja. Sikudhani. Kaachia ziwa, kanitazama.