Mguu wa Madam Hind

Roselyne, uko? Leo nimejiaibisha, haki ya nani.

Si nilikwambia wananijaribu kazi ya kupiga picha kwenye ule ukumbi wa kukwea ukuta, Al Quoz hapa Dubai, ndio niachane na ulinzi?

Madam Hind, mwenye ukumbi, anakwea. Mara mguu mmoja unaning'inia hewani. Nikajua anaanguka! Nikaacha kamera kwenye stendi ikipiga picha yenyewe, nikaukumbatia ule mguu.

"Khalas, basi, niachie!"

Mimi: "Sikuachi, madam!"

Na sikumwachia, Rose. Tukaanguka wote kwenye godoro lililotandikwa chini ya ukuta. Kumbe mguu huachwa hewani makusudi, ili mwili usiyumbe.

Picha iliyotoka safi ni moja tu: mimi na mguu.

Kazi ya kamera nimekosa. Lakini wanatafuta mlinzi, na madam anasema hajawahi kuona mlinzi kama mimi.