Mume Wangu Anapika Vipimo vya Malaria Atoe Dhahabu

Bi Severina, shikamoo. Nimechoka, na hapa kijijini sina wa kumweleza maana nikimwambia mmoja watajua wote, kwa hiyo nakuomba unisaidie na jina la kijiji usilitaje. Mimi ni mhudumu wa zahanati huku Newala, ndiye ninayeshika ufunguo wa stoo, na mwezi uliopita tulipelekwa semina Masasi, mwalimu akatuambia ule mstari mwekundu unaotokea kwenye kipimo cha malaria ni vumbi la dhahabu, dhahabu kweli, nami kwa kutaka sifa nikamweleza mume wangu Dickson tukila ugali wa muhogo, na tangu siku hiyo sina mume, nina mchimba madini. Alianza kuokota vilivyotumika kwenye shimo la taka, akavipika kwenye pipa lake la kupikia nipa, gongo ya mabibo, nyumba nzima ikanuka plastiki, hakupata kitu, akasema hivyo vimeisha nguvu, anataka vipya. Nilikataa siku tatu, naapa, ya nne akaninunia na kusema simtakii mema, nikampa ufunguo, akabeba boksi mbili, ndizo zote zilizokuwepo. Juzi jirani yangu Naima kamleta mwanawe Ashiru, miaka minne, anachemka, mganga wetu wa zahanati akaniambia lete kipimo, nikaingia stoo, nikatazama rafu tupu, nikarudi nikasema vimeliwa na mchwa, akampa dawa ya malaria kwa kukisia. Sasa mganga anaandika ripoti ya mchwa aipeleke wilayani, na Dickson anasema safari hii ataongeza moto. Je, nimwache huyu mume, au nimvumilie mpaka akate tamaa mwenyewe?

Mama Cuthbert, Newala

Marahaba, Mama Cuthbert. Mchwa! Mchwa wa Newala wanakula plastiki siku hizi? Namba uliyoandika nimeipiga mara tatu hupokei, ndiyo maana nakujibu gazetini, na hasira bado ninazo.

Tumalizane na dhahabu kwanza. Nimemuuliza Mwalimu Gasper anayefundisha fizikia hapa Masasi. Dhahabu ipo, ila chembe zake ni ndogo mno, hata salfa tunayopulizia mikorosho ni kokoto mbele yake. Ikiwa ndogo hivyo haing'ai njano tena. Mwanga ukiigonga, umeme ulio juu ya uso wake unatikisika wote kwa pamoja, unameza ukijani na kutuachia wekundu. Mtikisiko huo wataalamu wanauita plasmoni. Kwa hiyo dhahabu kidogo kabisa inaonekana kwa macho, ikamwambia mganga huyu ana malaria, yule hana. Hiyo ndiyo faida yake yote. Boksi mbili hazimpi Dickson hata punje ya kushika kwa kucha, achochee moto mpaka mwaka kesho. Na aache kugusa vilivyotumika, vina damu za watu!

Unaniuliza kama umwache. Mumeo ni mjinga, simtetei, lakini ufunguo hakuuiba. Ulimpa wewe, mwenye semina. Kununiwa kunauma, najua, nimeolewa miaka ishirini na sita, lakini mtu hanuniwi hadi akatoa vipimo vya watoto wa kijiji kizima. Nenda kwa mganga wako leo, umwambie ukweli kabla ripoti haijaondoka, aombe vipimo zahanati ya jirani. Huenda ukaipoteza kazi. Nakuonea huruma kwa hilo, ila sikuoni ukilala vizuri ukiwa na ufunguo huo.

Lakini hata kwa mganga usianzie. Umeniandikia ugali, umeniandikia harufu ya plastiki, hukuniandikia kama homa ya Ashiru imeshuka. Kama si malaria, dawa aliyopewa haimsaidii, na Naima anangoja ifanye kazi kwa sababu hajui unachokijua wewe. Funga hili gazeti, nenda kwake. Ukimkuta mtoto bado anachemka, mbebe mgongoni wewe mwenyewe mpaka hospitali ya wilaya, na njiani umweleze mama yake kwa nini hakupimwa.